Bega la Kushoto

Mkuu wa chuo aliniita ofisini Jumatatu asubuhi, akanionyesha kiti, akaniambia mtaala umebadilika. Kuanzia muhula ujao, mwanafunzi wa ushonaji atachora kwanza nguo ikiwa imevaliwa na mtu, ndipo ashike mkasi.

"Na wewe, mwalimu," akasema, "kuchora mtu unajua?"

"Najua kumpima."

"Hilo sikuuliza."

Basi nikaandikishwa darasa la kuchora umbo la binadamu, kila Jumamosi asubuhi kwa wiki kumi na mbili, katika jengo la sanaa lililo nyuma ya karakana ya useremala. Nina miaka hamsini na mbili. Stashahada yangu ya ushonaji niliipata kabla nusu ya wanafunzi wa darasa hilo hawajazaliwa. Mwenzangu wa ofisini, anayefundisha ufumaji, alicheka mpaka akashika meza.

"Samaki hukunjwa angali mbichi, dada. Wewe ushakauka zamani."

"Basi nitavunjika," nikamjibu. "Utaniokota."

Ukweli ni kwamba sikukasirika. Jumamosi zangu zilikuwa wazi. Mtu anayeishi peke yake hachafui sana: ukifagia, ukafua, ukapiga pasi, saa nne asubuhi umemaliza, na siku nzima imekutolea macho. Baba wa mwanangu tulimzika zamani, mtoto akiwa bado wa kubebwa. Huyo mtoto, binti yangu wa pekee, alihama miaka miwili iliyopita. Anaishi mjini humuhumu, mabasi mawili tu, anafanya kazi ya maabara hospitalini. Hunipigia simu Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Tunasalimiana, ananiuliza kama dawa za presha nakunywa, namwambia nakunywa, basi.

Siku anahama aliacha nguo zote nilizomshonea. Alizikunja vizuri, akazipanga juu ya kitanda kwa rangi. Akasimama mlangoni na begi lake akasema, "Mama, naomba usinishonee tena." Nikasema sawa. Mimi si mtu wa kubembeleza, na kazi ilikuwa inanisubiri. Nilidhani ni mambo ya mitindo, vijana wanapenda nguo za dukani.

Lakini nilitaka arudi kunitembelea. Niliseme mapema nisizunguke. Kwa miaka miwili hakukuwa na kitu kingine nilichokitaka, na sikumwambia mtu yeyote, yeye akiwa wa kwanza wa kutoambiwa.

Mwalimu wa kuchora alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha. Wanafunzi walimwita Mkaa, kwa sababu alichora kwa kipande cha mkaa na kujipangusa kwenye shati lake. Kwenye kona ya darasa alitundika mifupa ya plastiki, mtu mzima kamili kuanzia fuvu hadi vidole vya miguu.

"Tunaanza ndani," akatuambia siku ya kwanza. "Mchoraji asiyejua mfupa huchora mto wa kulalia."

Wiki tatu tulichora mifupa, na mifupa niliipenda. Mifupa ina vipimo. Kichwa kinaingia mara saba na nusu katika urefu wa mtu mzima. Kiwiko kinafika kiunoni. Mtulinga, ule mfupa unaotoka chini ya koo kwenda begani, umepinda kama mshikio wa ndoo, nami nilikuwa nimeupitia kwa futi yangu ya kupimia miaka thelathini bila kujua jina lake wala sura yake. Kwa nyuma kuna bapa la bega, limelala juu ya mbavu kama sahani, halikushikiliwa na mfupa wowote wa mgongoni, linateleza mkono unapoinuka. Nilirudi nyumbani nikasimama bafuni, mkono mmoja juu, wa pili nimejipapasa mgongoni kulitafuta. Nililipata. Hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Wiki ya nne akaja mtu wa nyama na damu: mlinzi mstaafu, mzee mwembamba aliyevua shati, akabaki na kaptula, akapanda juu ya meza kama amezaliwa hapo. Akasimama kwa mguu mmoja na ule mwingine akaulegeza. Nikanyoosha mkono, nikafumba jicho moja, nikampima kwa penseli. Nilichora haraka na safi. Nilikuwa wa kwanza kumaliza.

Mkaa akaja nyuma yangu.

"Mwalimu, huyu ni nani?"

"Ni huyo mzee."

"Mzee uzito wake uko mguu wa kulia. Nyonga ya kulia imepanda, bega la kulia limeshuka. Huyu wako amesimama kama anasubiri kukaguliwa."

"Niliona," nikasema. "Niliona, nikamweka sawa."

"Nani amekutuma umweke sawa?"

Darasa likacheka. Mzee naye, bila kusogeza hata kidole, akasema kutoka juu ya meza, "Mwache ajaribu, kijana. Mke wangu alijaribu miaka arobaini akashindwa."

Nilicheka nao, lakini wiki iliyofuata nikarudia kosa lilelile, na iliyofuata tena. Mkaa alichora mstari mwekundu juu ya mabega ya kila mchoro wangu, na kila mstari ulikuwa umelala sawasawa kama rafu ya duka. Halikuwa kosa la jicho. Fundi wa nguo akimwona mteja ana bega moja chini, mkono wake unatafuta sponji ya kuliinua kabla mteja hajamaliza kusalimia. Tumbo likitokeza, tunaongeza mshono wa kulificha. Nyonga zikipungua, tunaweka marinda. Hakuna mteja anayekuja kwangu ili nimwonyeshe alivyo. Anakuja nimsitiri, namsitiri, anashukuru, anaondoka.

Wiki ya tisa Mkaa alitupa kazi ya mwisho. Mtu mnayemfahamu vizuri. Mgongo wake, kuanzia nywele hadi kiunoni, ameketi, bila nguo ya juu. Vikao vitatu vya saa mbili mbili. Picha ya simu hairuhusiwi, na kuchora kwa kukumbuka hakuruhusiwi.

"Mnayemfahamu vizuri ndiye mgumu," akasema. "Mtaona."

Kwangu ugumu ulianza mapema kuliko hapo. Niliketi na simu nikapitia majina. Nina majina mia mbili na kumi, na karibu yote yana vipimo: Shati la Buluu Shingo 16, Mama Pacha Nyonga 44, Mhasibu Mikono Mirefu. Nilishuka mpaka chini, nikapanda tena mpaka juu. Ni nani kati ya hawa ninayeweza kumwambia njoo kwangu, vua blauzi, keti saa mbili, nami nisikushonee chochote? Nikamuuliza wa ufumaji.

"Mgongo wangu una mwenyewe," akasema. "Kamuulize mume wangu."

Jirani wa mlango wa pili akasema hawezi kuketi hata dakika kumi, kiuno kinamuua. Nikafikiria kioo, lakini mgongo wako mwenyewe huuoni vizuri. Jumatano, saa ya chakula cha mchana, nikampigia binti yangu.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa. Nataka mgongo wako."

"Nini?"

Nikamweleza: mkuu, mtaala, Mkaa, vikao vitatu. Nilieleza yote kwa pumzi moja kama ninayesoma tangazo. Nikasikia mashine za maabara zikivuma nyuma yake.

"Na bega?" akauliza.

Bega. Alipokuwa na miaka kumi na moja, daktari wa shule alimwinamisha, akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo, akasema umepinda kidogo, ndiyo maana bega la kushoto liko chini. Akasema linaweza kuongezeka anavyokua, tumrudishe apimwe kila baada ya miezi sita. Siku hiyohiyo nilimpima mwenyewe: sentimita mbili. Nikashona sponji ndani ya sare ya shule, upande wa kushoto, kwa ustadi hata mwalimu wake wa darasa hakugundua. Kwa daktari tulirudi mara mbili, halafu akahamishwa, halafu foleni, halafu kazi, tukaacha. Lakini mtoto alikuwa anakua, na daktari alishasema litaongezeka, kwa hiyo kila mwaka niliongeza unene wa sponji. Niliongeza mpaka siku ya mahafali yake. Katika nguo zangu hakuna mtu aliyewahi kumwangalia mara mbili. Nilijiona mama hodari.

"Bega lipo," nikamwambia kwenye simu.

"Utanichora nilivyo?"

"Ndiyo kazi niliyopewa."

"Mama, achana na kazi. Utanichora nilivyo?"

"Ndiyo."

"Jumapili saa nne," akasema, akakata.

Ufunguo wa nyumba anao, lakini Jumapili alibisha hodi. Nilimfungulia kama mgeni, naye akavua viatu kama mgeni. Niliweka kiti karibu na dirisha la sebuleni, akanipa mgongo, akavua blauzi, akaketi. Sikuwa nimeuona mgongo huo tangu aanze kufunga mlango wa bafu. Ulikuwa mgongo wa mwanamke mzima. Kulikuwa na alama nyeusi chini ya shingo, ndogo kama punje, ambayo niliisahau kabisa. Unawezaje kusahau alama ya mtoto uliyemwogesha mwenyewe?

Hatukuzungumza sana. Nilianza na fuvu, nikashuka shingoni, nikafuata uti wa mgongo, tuta moja baada ya jingine, ulivyokwenda kulia kidogo kisha ukarudi. Nilipofika bega la kushoto, mkono ukataka kulinyanyua. Nikauambia mkono shuka. Nikalishusha. Nikalitazama, nikaona bado ninamsitiri, nikalishusha zaidi. Nilijiambia kwamba safari hii, angalau mara hii moja, sifichi kitu.

"Umechoka?" nikamuuliza.

"Nimezoea kukaa. Kazi yangu ni darubini."

Saa sita akavaa, akakataa chai, akaondoka. Sikumwonyesha karatasi, naye hakuomba.

Jumamosi Mkaa aliitazama kazi yangu muda mrefu. "Sasa huyu ana mifupa," akasema, nami nikafurahi kama mtoto wa darasa la kwanza. Halafu akainamisha kichwa. "Hapa begani ulipima?"

"Huyu namjua. Ni mwanangu."

Akakuna kidevu, akakiacha kimeingia weusi, akaenda kwa mwingine.

Jumapili ya pili ilikuwa nyepesi zaidi. Mtu anapokupa mgongo, maneno yanatoka yenyewe, hana uso wa kukuzuia. Aliniambia kuhusu bosi wake anayeimba akiwatoa wagonjwa damu. Nilimwambia kuhusu mzee wa kaptula, akacheka, na mabapa yake ya mabega yakateleza juu ya mbavu kama Mkaa alivyotufundisha, nikasahau kuchora. Ilikuwa imepita saa moja na dakika kumi. Akajifunika blauzi kifuani, akageuka.

"Nione."

Nikampa. Aliishika kwa mikono miwili. Cheko likamwisha usoni taratibu.

"Mama, hivi ndivyo unavyoniona?"

"Ndivyo ulivyo. Uliniambia nisifiche."

"Leta futi."

"Ya nini?"

"Leta futi, mama."

Akasimama na kuegemeza mgongo kwenye mlango wa chumba chake, wima, visigino vimegusa ubao. "Weka alama." Nikaweka alama ya chaki kila upande, penye ncha ya bega. Akasogea. Nikapima kutoka sakafuni, kulia kisha kushoto. Nikarudia, maana mimi hupima mara mbili.

"Ngapi?"

"Mbili."

"Mbili nini?"

"Sentimita mbili."

Zilezile za miaka kumi na moja. Halikuwa limeongezeka hata unyuzi. Nikachukua karatasi, nikapiga hesabu ya mchoro kwa urefu wake halisi. Kwenye karatasi nilikuwa nimemshusha sentimita tano na nusu.

"Mji mzima huu umeupima mara mbili mbili," akasema. Hakupaza sauti. "Bega langu ulilipima lini mara ya mwisho?"

"Ulikuwa na miaka kumi na moja."

"Na sponji ya gauni la mahafali ilikuwa nene kiasi gani?"

Fundi hasahau kazi yake. "Nne."

"Nne," akasema. "Unajua nilivyokuwa nafanya? Upande wa kushoto ukawa juu kuliko wa kulia. Kwa hiyo nilikuwa nanyanyua bega la kulia, siku nzima, ili gauni likae sawa. Na sare hivyohivyo. Miaka na miaka. Shingo ikiniuma mpaka sioni ubao. Nikajua mimi ndiye niliyepinda zaidi, kwa sababu wewe kipimo hukosei."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungeniambia nisimame wima."

Ningemwambia hivyo. Hata sikujaribu kubisha. Mtu mwingine angemkumbatia pale, au angeomba radhi, na labda ndivyo ilivyopasa. Mimi nilisema kilichokuwa kweli.

"Futi ilikuwa shingoni mwangu kila siku. Bega sikulipima kwa sababu sikutaka kujua."

Alivaa blauzi, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu.

"Zimebaki dakika hamsini," nikasema.

"Kikao kimeisha, mama."

Jumapili ya tatu niliweka kiti dirishani saa tatu na nusu. Saa tano ukaja ujumbe: *Niko zamu.* Sikujua kama ni kweli, na sikupiga kuuliza. Nilichukua kifutio, nikalifuta bega la kushoto lote, kuanzia shingoni hadi kwapani, mpaka karatasi ikawa na manyoya. Hapo nikapaacha.

Siku ya kukabidhi, Mkaa alizipanga kazi zote ukutani na kuzipitia moja moja. Kwenye yangu akasimama.

"Kuna shimo hapa."

"Nalijua. Nilipima upya, ni sentimita mbili, nikalifuta."

"Lakini sasa kipimo unacho. Sentimita mbili, umesema. Mifupa unaijua. Kaa hapo nusu saa, jaza, nikupe alama zako. Nitajifanya sikuona."

"Kwa kichwa sichori tena," nikamwambia. "Kwa kichwa ndiko nilikoharibu."

Aliniangalia, akaandika kitu kwenye daftari lake. Nilipata alama za kupita tu, za mwisho kabisa katika darasa, nyuma hata ya kijana aliyemchora bibi yake na mabega matatu. Mkuu wa chuo hakujali. "Umepita?" "Nimepita." "Basi muhula ujao utafundisha." Wa ufumaji akanipigia makofi akasema samaki hakuvunjika.

Jioni hiyo ndipo nilipoelewa nilichopoteza. Kazi ilikuwa imekwisha. Sikuwa tena na sababu ya kumwita. Kwa miaka yote nilikuwa na sababu: njoo upimwe, njoo ujaribu, simama, geuka, inua mkono. Sikumbuki siku hata moja niliyomwita mwanangu aje tu. Niliketi nikaitafuta siku hiyo katika kichwa changu kwa uaminifu, mwaka baada ya mwaka, sikuipata.

Jumanne nikampigia.

"Kazi nimeshakabidhi," nikasema. "Bila bega."

"Bila bega vipi?"

"Nililifuta. Hukuwepo, sikulichora."

"Wamekufelisha?"

"Nimepita kwa tundu la sindano."

"Kwa hiyo hunihitaji tena kukaa."

"Kwa kuchora, hapana."

Alisubiri. Mimi mteja yeyote akiingia nina neno la kumwambia kabla hajafika mezani, lakini huyu hakuwa mteja. Nikasikia mashine zake zikivuma.

"Njoo tu," nikasema.

"Kufanya nini?"

"Hakuna cha kufanya. Jumamosi nikimaliza kufagia nakaa kwenye kochi mpaka giza liingie. Nimechoka kukaa hivyo."

Sikuwahi kumwambia mtu maneno kama hayo. Yalinitoka kama jino.

"Nitaona, mama," akasema hatimaye. "Siahidi."

"Usiahidi."

"Na ukianza kunipikia kama mgeni, naondoka."

"Sipiki."

Jumamosi hiyo hakuja. Nilifagia, nikafua, nikapiga pasi, nikakaa. Jumamosi ya pili hakuja pia, na hakukuwa na ujumbe. Nilijisemea kwamba mtu aliyeambiwa asiahidi hana deni. Nilichukua karatasi nyeupe nikachora mkono wangu wa kushoto ukiwa juu ya goti: mishipa, vifundo vilivyovimba, kidole cha sindano kilivyopinda kwenda nje. Sikuunyoosha.

Jumamosi ya tatu, kama saa nane mchana, nilisikia ufunguo ukizungushwa mlangoni. Aliingia na sare ya kazi, macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu, akauvua mkoba na kuutupa kwenye kiti.

"Nina njaa," akasema. "Kuna nini?"

Hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimemwambia sipiki, na mimi nikisema kitu nakifanya.

"Hakuna," nikamwambia.

Alinitazama, akatikisa kichwa, akaingia jikoni mwenyewe. Nikamsikia akifungua kabati moja baada ya jingine, akilalamika kwamba kila kitu nimekihamisha.